Nati Nyekundu

Kwetu Kenyamonta, mkoani Mara, lori halisifiwi kwa rangi wala kwa mwaka lilipotoka kiwandani. Linasifiwa mwezi wa nne, masika yakishakolea na udongo mweusi wa mabondeni umeacha kushika tairi. Miaka ya 1990, nilipokuwa kijana, siku kama hizo magari mengi yalilala Mugumu yakisubiri jua, na mwenye magunia yake au mgonjwa wake alibaki akitega sikio barabarani. Lori ambalo halikulala lilikuwa moja: Bedford la zamani la jeshi, mali ya baba mkubwa, lenye umri mkubwa kuliko wangu. Nilianza nalo kama mshika taa, nikawa utingo, kisha fundi. Tangu hapo nimefungua injini nyingi, lakini karibu kila ninachokijua kuhusu kufufua na kubadilisha magari ya zamani ya jeshi nilikipata nikiwa nimelala chali chini ya lile lori. Nadhani kinamfaa hata asiyeshika spana.

Baba mkubwa alikuwa dereva wa jeshi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 alikuwa tayari na miaka kadhaa kambini. Alikwenda hadi Uganda, akarudi na tabia mbili ambazo hazikumtoka: kukagua gari kabla ya chai ya asubuhi, na kutoliamini gari ambalo hajalifungua mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba watu wakisimulia vita ile hutaja mizinga, lakini yeye anakumbuka malori. Mpaka ulikuwa mbali na kambi kubwa, barabara zilikuwa za vumbi kisha za matope, na serikali ililazimika kukusanya malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi ili yabebe askari, risasi na chakula. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, mengi ya magari hayo yalikuwa yamechoka kabisa.

Baada ya vita ikaja dhiki. Fedha za kigeni zilikauka, mafuta yakawa ya foleni, na tairi jipya likawa kitu cha kuandikiwa kibali. Fundi wa miaka ile hakujifunza kufufua gari kwa mapenzi ya vitu vya kale, kama wafanyavyo wenzetu Ulaya na Marekani wanaopeleka malori yao ya vita kwenye maonyesho. Alijifunza kwa sababu gari likifa hakukuwa na jingine. Ndiyo maana hadi leo, kwetu, neno la kwanza kuhusu lori kuukuu ni litafanya kazi gani. Thamani yake ya kumbukumbu huja baadaye, ikija.

Bedford letu lilinunuliwa mnadani Kenya, likavushwa mpaka wa Sirari likivutwa na lori jingine. Lilikuwa aina ya RL, iliyoanza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Vauxhall ya Luton, Uingereza, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors. Magari zaidi ya 50,000 ya mtangulizi wake, QL, yalitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. RL lilikuwa na injini ya petroli ya silinda sita, karibu lita 5, na magurudumu yote manne yaliweza kuvuta. Jeshi la Uingereza lililihesabu kuwa lori la tani 3, baadaye likalipandisha hadi tani 4. Hesabu hiyo ilikuwa ya mzigo wa kubeba porini, nje ya barabara. Wafanyabiashara wengi hawakulielewa hilo: waliona chuma kinene na springi nene, wakapakia mara mbili yake.

Siku lilipofikishwa nyumbani, vijana tulikuwa na spana mkononi. Baba mkubwa alituzuia. Aliagiza lioshwe, likauke, kisha likaguliwe bila kufunguliwa kitu. Alinipa daftari la shule na penseli, akaniambia nichore kila waya unapoanzia na unapoishia, kila bomba, kila springi ndogo ya breki na upande inakotazama.

“Baba, si tutakumbuka?” nilimuuliza.

“Mura,” alinijibu, “aliyelitengeneza gari hili hayupo hapa umuulize. Alichokuachia ni hiki unachokiona. Ukikivuruga, umemnyamazisha.”

Daftari lile lilituokoa mapema. Magari mengi ya Kiingereza ya zama zile yalifungwa umeme kinyume na tulivyozoea: waya chanya wa betri ndio uliokwenda kwenye chasisi. Mtu akija na altaneta ya kisasa akaiunganisha kwa mazoea, moshi unatoka kabla hajafunga boneti. Nati nazo zilikuwa za vipimo vya inchi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani akileta spana ya milimita inayokaribia kuenea, anaviringisha pembe za nati, na baada ya hapo ni patasi na matusi. Tulitafuta seti ya spana za inchi Musoma, kwa wazee waliowahi kufanya kazi katika karakana za zamani, kabla ya kulegeza hata nati moja.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa kwenye magurudumu. Rimu za lori lile zilikuwa za vipande viwili vilivyobanwa pamoja. Zilikuwa na mizunguko miwili ya nati. Nati za ndani zinashika gurudumu kwenye habu. Ukitaka kutoa gurudumu, unafungua hizo. Nati za nje zinashika vile vipande viwili vya rimu. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, rimu inafumuka kwa nguvu ya kumuua mtu aliyeinama mbele yake. Kwa sababu hiyo jeshi la Uingereza lilizipaka nati za nje rangi nyekundu, ili hata kuruta wa siku ya kwanza ajue haziguswi kabla upepo haujatolewa wote.

Kwenye lori letu hapakuwa na nyekundu yoyote. Aliyelipamba kwa ajili ya mnada alikuwa amepuliza kijani kizito kila mahali: bodi, springi, rimu na nati. Lilipendeza sana. Baba mkubwa alichukua kisu, akakwangua nati moja ya nje taratibu, na chini ya kijani ikatokea nyekundu iliyofifia. Hakusema neno. Alituma mtu dukani kununua kopo dogo la rangi nyekundu, tukazipaka zote upya jioni ile ile, hata kabla ya kugusa injini.

Wakati fulani baadaye tulipata pancha karibu na mnada wa ng'ombe. Mziba pancha, kijana mwenye nguvu na haraka ya kazi, alikuja na spana ya magurudumu na kwenda moja kwa moja kwenye nati za nje, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Aliona rangi, akasita, akauliza. Kule kusita ndiko kulikomwacha hai. Nimekuwa nikilifikiria tukio hilo kila ninapoona lori la zamani “lililotengenezwa upya” likiwa linang'aa barabarani. Kupaka rangi ni kazi rahisi. Kujua ni rangi gani hairuhusiwi kufunikwa ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya msimu mmoja, petroli ilitushinda. Injini ile ilinywa bila huruma, hasa kwenye gia ya chini na magurudumu yote yakivuta, na faida ya kubeba pamba iliishia kwenye tanki. Ilibidi tuweke dizeli. Hapo ndipo gereji nzima ilipogawanyika. Ilikuwa enzi ya kufunguliwa kwa biashara. Injini za Kijapani zilizotumika zilikuwa zimeanza kupatikana, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Karibu kila mtu alitaka tufunge injini ya Kijapani yenye nguvu nyingi, lori lipande mlima bila kubadilisha gia.

Baba mkubwa alichagua injini iliyodharauliwa: dizeli ya Bedford iliyotolewa kwenye TK ya kiraia, lori lililojaa barabara za Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970. Ilikuwa na nguvu ya wastani tu. Hoja yake ilikuwa kwamba giaboksi, shafti na difu za RL zilipimwa kwa nguvu fulani, na injini ya ukoo ule ule haitazidai zaidi ya zinachoweza kutoa. Isitoshe, spea zake zilikuwa zimelala katika kila yadi ya vyuma chakavu kuanzia Tarime hadi Mwanza.

Hata hivyo, injini hiyo ndogo nayo ilikuja na maswali. La kwanza ni uzito: dizeli ni nzito kuliko petroli, kwa hiyo springi za mbele ziliongezwa jani. La pili ni mwendo: dizeli haizunguki haraka kama petroli, kwa hiyo kasi ya juu ilipungua, na dereva alipaswa kujifunza upya wakati wa kubadilisha gia. La tatu ndilo lililokuwa la hatari, na watu wengi hulikosa. Breki za lori letu zilisaidiwa na busta iliyotumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ya petroli inapovuta pumzi. Dizeli haina mvuto huo. Ukibadilisha injini ukaacha busta ilivyo, gari litawaka vizuri, litatembea vizuri, na kwenye mteremko wa kwanza likiwa na mzigo utakanyaga breki na kukuta pedali ngumu isiyotii. Tulifunga pampu ya mvuto inayoendeshwa na injini, tukaweka na tanki dogo la akiba ili injini ikizimika ghafla breki zibaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache. Lori halikuruhusiwa kutoka uani mpaka breki zilipojaribiwa likiwa na mchanga mgongoni.

Lori jingine la jeshi, lisilo mbali na kwetu, lilifungwa injini kubwa ya Kijapani. Kwa muda lilitupita kwa kishindo. Kisha shafti ya difu ya nyuma ikakatika. Ikawekwa nyingine, nene zaidi, na safari hii yakasagika meno ya difu. Difu ikaimarishwa, ikafuata giaboksi. Mwenye lori alidhani amepata bahati mbaya mfululizo. Ukweli ni kwamba kila alipokiimarisha kimoja, mzigo ulihamia kwa jirani yake aliyefuata. Gari ni kama ukoo: ukimtwisha mmoja mzigo mpya, usimtazame yeye peke yake, tazama nani anasimama nyuma yake.

Somo hilo hilo liko kwenye chasisi. Lori la jeshi limekusudiwa kupita mahali ambapo gurudumu moja liko shimoni na jingine juu ya kichuguu, kwa hiyo chasisi yake huachwa ijipinde kidogo. Vijijini tunapenda bodi ngumu: tunachomelea vyuma vya pembe kutoka kebini hadi nyuma, tunarefusha chasisi ili magunia yaongezeke, tunaweka na viti vya abiria juu yake. Masika mawili hayapiti kabla nyufa hazijaanza, na zinaanza pale pale palipochomelewa. Sisi bodi yetu ya mbao ilikaa juu ya chasisi kwa bolti zenye springi na vipande vya mpira wa tairi kuukuu, na kamwe hatukutoboa wala kuchomelea kingo za juu na za chini za chasisi, maana huko ndiko mzigo unakovuta na kubana zaidi. Ilionekana kama uzembe kwa wageni, kwamba bodi inacheza. Ilikuwa inacheza kwa makusudi.

Na kuna jambo la dereva. Gia ya mbele, ile inayoyafanya magurudumu manne yote yavute, si ya kujionyesha. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo, kwa hiyo shafti hupumua. Ukiiacha imeingia kwenye barabara kavu na ngumu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti kwenye kona, shafti zinajisokota, na kitu kinakatika. Lori la zamani halina taa ya kukuonya. Linamtegemea dereva kujua.

Nimesoma baadaye habari za mradi wa karanga wa Waingereza hapa Tanganyika, nikamkumbuka baba mkubwa. Mradi ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukaenea Nachingwea na Urambo. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, walinunua mitambo iliyotumika jeshini, na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikavigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Ukitaka mfano wa kubadilisha chombo cha vita kuwa cha kilimo, hakuna mkubwa kuliko huo. Nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni mafundi wa kutosha, karakana zilizo tayari, spea, na mtu wa kuuliza ardhi ya Kongwa na mibuyu yake vinataka nini. Mwaka wa kwanza haukuisha kabla sehemu kubwa ya matrekta haijasimama. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Kifaru kilibuniwa kupita juu ya vitu. Kung'oa vitu siku nzima, kila siku, ni kazi nyingine.

Tanzania huru ilijibu swali la mafundi na spea kwa njia yake. Mwaka 1985 lilianzishwa shirika la Nyumbu, Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi, ili kutafiti na kuunda magari hapa hapa nchini. Unaweza kuhesabu magari mangapi yalitoka na mangapi hayakutoka, lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi: kwamba anayeweza kuunda kipuri anaelewa gari kuliko anayeweza kukinunua tu. Mafundi wa gereji za Mara walikuwa wakifanya jambo hilo hilo kwa tupa na moto wa makaa, bila jengo wala bajeti.

Leo hali imegeuka. Malori ya jeshi ya zamani yanatafutwa tena, na si kwa ajili ya magunia. Kwa miaka mingi makampuni ya safari yametumia malori ya Bedford yaliyostaafu jeshini kubeba watalii Afrika Mashariki, na sasa wako watu binafsi wanaotaka lori kuukuu la kupigia kambi karibu na Serengeti, lenye vitanda, friji na paneli za jua. Sina ugomvi nao. Kazi ni kazi, na lori lililopewa kazi mpya ni bora kuliko lililokatwa kwa kilo. Ila naona makosa yale yale ya rangi ya kijani yakirudi yakiwa na pesa nyingi zaidi: matairi mapana yanayolemea beringi na usukani, matanki ya maji yanayowekwa juu mpaka gari linayumba, na lainingi za breki za zamani zinazopulizwa kwa kompresa bila kujali kwamba nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbestosi, vumbi linaloua mapafu polepole. Loweka kwa maji, vaa barakoa, usipulize.

Naona pia kinachopotea. Kibati cha chuma chenye namba ya chasisi, uzito na mchoro wa gia hutolewa na kuuzwa kama pambo. Alama za kikosi zilizoandikwa kwa mkono mlangoni hupigwa msasa bila hata kupigwa picha. Vita vya Kagera vina makaburi ya mashujaa Kaboya, na hilo ni jema. Lakini vijana wanaozaliwa sasa hawana mahali pengi pa kugusa lori lililobeba watu wale, kuona kiti cha mbao kilivyokuwa, na kuelewa kwa nini baba zao walirudi na migongo inayouma. Si kila lori lihifadhiwe. Mengi yana haki ya kufanya kazi hadi mwisho. Machache yaachwe kama yalivyo, pamoja na mikwaruzo yake, maana lori lililorembwa upya kabisa halisimulii tena lilikopita.

Baba mkubwa amefariki. Lori liliuzwa, likaendelea kubeba mchanga kwa mtu mwingine. Kilichobaki kwangu ni daftari lenye michoro ya penseli, ambalo limesaidia kufufua magari ambayo yeye hakuwahi kuyaona.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wa gereji, na kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaowafundisha. Ukiletewa gari la zamani la jeshi, usianze na kukata wala kupuliza rangi. Lioshe, lichore, lipige picha, kisha jiulize kila kipande kiliwekwa kwa nini. Ukikijua, una ruhusa ya kukibadilisha, na ukikibadilisha, fuata mzigo mpaka uone unakoishia: kwenye breki, kwenye difu, kwenye chasisi, kwenye mgongo wa dereva. Wazee walioyajua magari haya bado wako Tarime, Mugumu na Musoma, na hawaongezeki. Nendeni na daftari mkawaulize mwaka huu.